Skrubu au kamba? Madaktari wangu wawili hawakubaliani kuhusu kifundo changu

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 38, mwalimu wa michezo. Nakuandikia mguu wa kulia ukiwa juu ya mito, umefungwa plasta nusu, nasubiri uvimbe upungue nifanyiwe upasuaji. Upasuaji nimeshaukubali. Kinachoninyima usingizi ni kwamba nimeambiwa nichague, na sijui nachagua nini.

Niliumia nikicheza netiboli na wanafunzi wangu. Nilikuwa nimekanyaga kwa mguu wa kulia nikitaka kugeuka na mpira, mwenzangu akanivaa kwa ubavu, mwili ukazungukia kushoto na unyayo ukabaki palepale. Kitu kikalia ndani ya mguu. Nilidhani nimetegua kifundo kama nilivyowahi kutegua zamani, lakini safari hii maumivu hayakuwa chini ya nundu la nje ambako huwa. Yalikuwa juu yake, upande wa mbele, na nikiubana mguu katikati ya ugoko yalishuka mpaka chini. Sikuweza kukanyaga hata hatua moja.

Picha ya kwanza ya X-ray ilionyesha kwamba hakuna mfupa uliovunjika pale kifundoni, ila ile mifupa miwili ya mguu imeachana juu kidogo ya kifundo, na upande wa ndani nafasi imepanuka. Wakapiga picha ya mguu mzima, wakakuta mfupa mwembamba wa nje umevunjika huku juu, karibu na goti. Daktari akaniambia hapo juu hatapagusa. Kazi iko chini: ligamenti zinazofunga mifupa hiyo miwili zimekatika, kifundo hakijatulia, na kikiachwa hivyo kitaharibika.

Daktari huyo, ambaye ndiye aliyenipokea na kunihudumia kwa upole sana, anataka kunifunga kwa skrubu mbili, kisha azitoe baada ya kama miezi mitatu. Ndugu yangu mmoja akanishauri nipate maoni ya daktari mwingine. Yule wa pili alizitazama picha zilezile akasema siku hizi yeye hutumia kamba yenye vifungo vya chuma, inaruhusu mifupa icheze kama kawaida, na hakuna haja ya kurudi kutolewa kitu. Gharama yake ni kubwa kuliko ya skrubu, na tofauti hiyo tutaitoa mfukoni.

Hapo ndipo nyumba ikagawanyika. Baba watoto anasema skrubu zimetumika miaka na miaka, watu wamepona, na kumkimbia daktari aliyekupokea ni kukosa adabu. Shemeji yangu, ambaye aliwahi kuwekewa skrubu kwenye kifundo ikavunjikia humo humo, anasema nisithubutu. Mama yangu mzazi hataki kusikia habari za chuma mwilini kabisa. Anauliza kwa nini nisifungwe plasta nikatulia nyumbani. Mimi mwenyewe naogopa upasuaji wa mara ya pili kuliko ninavyoweza kusema. Nilipojifungua mtoto wa mwisho kwa upasuaji nilipata shida na dawa ya usingizi, na sijasahau. Lakini nikifikiria kuchukua fedha za ada za watoto ili mimi nipate kifaa cha ghali, naona kama najipendelea.

Mama, nimesoma mtandaoni mpaka macho yameuma. Kila ukurasa unasema lake. Je, hiyo kamba ni bora kweli, au ni mtindo tu? Nikichagua skrubu nitarudi kufundisha? Na nitamwambiaje daktari wangu kwamba nimeenda kwa mwenzake?

Mwalimu aliyekwama

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mwalimu wa michezo kulazwa kitandani namna hiyo ni mtihani, na wewe umeongezewa na kesi ya kuamua.

Nikikuelewa vizuri, swali la skrubu au kamba limebeba maswali mengine mgongoni: fedha za nyumba, heshima kwa daktari aliyekupokea, hofu ya kurudi tena chumba cha upasuaji, na riziki yako. Nitaanza na mguu wenyewe, kwa sababu ukishaujua ulivyoumia, utaona kwamba madaktari wako hawajatofautiana sana kama inavyosikika nyumbani.

Mguu wako chini ya goti una mifupa miwili, tibia ambayo ndiyo ugoko, na fibula, ule mwembamba wa nje. Pale chini mifupa hiyo inaungana na kufanya kitu kama koleo, na ndani ya koleo hilo ndimo unamokaa mfupa wa talasi, unaobeba uzito wa mwili kila ukikanyaga. Kinachozuia koleo lisifunguke ni ligamenti za mbele, za nyuma na za katikati, pamoja na utando unaopanda kati ya mifupa hiyo miwili. Maungo hayo yote kwa pamoja huitwa sindesmosisi. Ulivyozunguka unyayo ukiwa umeganda chini, talasi iliisukuma fibula kwa nje, ligamenti zikakatika, na nguvu hiyo ikapanda kupitia ule utando hadi ikatokea juu karibu na goti kwa kuvunja mfupa. Kwa hiyo ule mvunjiko wa juu na kifundo chako ni jeraha moja. Daktari aliyeamuru picha ya mguu mzima amekufanyia jambo kubwa, maana mvunjiko wa namna hiyo ni rahisi kupitwa bila kuonekana mtu akipiga picha ya kifundo peke yake. Na kutoupasua pale juu ni kawaida: kuna mshipa wa fahamu unaopita shingoni mwa fibula, ni rahisi kuudhuru, na kwa kawaida mfupa huo hujiunga wenyewe kifundo kikishatulizwa.

Hofu ya mama yako naiheshimu. Hata alichosema kuhusu plasta kina ukweli wake kwa watu wengine. Ligamenti hizi zikijeruhiwa bila mifupa kuachana, mgonjwa huvaa buti la kifundo, hutumia magongo wiki kadhaa, kisha huanza mazoezi, na hupona bila kisu. Kinachogawa njia ni utulivu wa kifundo. Kwako mifupa imeachana kwenye picha ambayo hata hukuwa umekanyagia mguu, na upande wa ndani umepanuka, maana yake hata ligamenti ya ndani imeguswa. Utafiti wa Ramsey na Hamilton wa mwaka 1976, uliofanywa kwenye miguu ya maiti, ulionyesha kwamba talasi ikisogea nje kwa milimita 1 tu, eneo la mifupa kugusana kifundoni hupungua kwa wastani wa asilimia 42. Uzito uleule unabebwa na eneo dogo, na gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, inasagika. Mweleze mama kwa upole kwamba plasta inashika ngozi na nyama kwa nje. Mifupa iliyoachana ndani inaweza kuendelea kusogea humohumo.

Sasa tuje kwenye skrubu na kamba. Vyote viwili vinafanya kazi moja ya muda: kuishika fibula mahali pake wakati ligamenti zinaunga. Hakuna kati yake kinachochukua nafasi ya ligamenti milele.

Skrubu hupitishwa kutoka fibula kwenda tibia, sentimita chache juu ya kifundo, ikielekezwa mbele kidogo kwa sababu fibula imekaa nyuma ya mwenzake. Inashika kwa nguvu, haina masihara. Shida yake iko hapohapo kwenye nguvu. Kifundo kizima hakikai kimya: unapokunja unyayo kuja juu, ile sehemu ya mbele ya talasi, ambayo ni pana zaidi, inaingia kwenye koleo, na fibula inasogea na kuzunguka kidogo kuipisha. Ni mwendo wa milimita moja hivi, lakini upo kila hatua. Skrubu inauzuia. Ukianza kutembea, mara nyingi kitu kimoja kati ya viwili hutokea baada ya muda: skrubu inalegea ndani ya mfupa, au inavunjika.

Kamba ni uzi mgumu uliosukwa, unaopita kwenye tundu lililotobolewa katika mifupa yote miwili, na kila mwisho umeshikwa na kifungo kidogo cha chuma kilichokaa juu ya mfupa. Ikikazwa, inavuta mifupa ikaribiane, lakini inaacha ule mwendo mdogo uendelee. Tena inavumilia makosa madogo zaidi: fibula ikiwa haikukaa sawasawa kabisa, ina nafasi ya kujirudisha kwenye kitako chake, jambo ambalo skrubu haiwezi kuliruhusu. Nayo ina maudhi yake. Fundo la uzi upande wa nje linaweza kuvimba na kukera chini ya ngozi, ingawa zipo za kisasa zisizo na fundo. Kifungo cha ndani kinaweza kubana nyama au mshipa mdogo uliopo pale. Tundu linaweza kupanuka kadiri siku zinavyokwenda, na uambukizo ukiingia, kamba hutolewa. Kwa hiyo yule aliyekuambia hakuna haja ya kurudi, naamini alimaanisha hakuna safari ya lazima iliyopangwa tangu mwanzo. Wapo wanaorudi, ila ni wachache.

Umeuliza kama ubora wake ni wa kweli au ni mtindo. Si mtindo, mwanangu, lakini habari yake ni ndefu kuliko kurasa ulizosoma. Huko Norway, wagonjwa 97 waligawanywa kwa kura, wengine kamba, wengine skrubu moja nene ya milimita 4.5 iliyopenya kuta zote nne za mifupa miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Baada ya miaka 2, kwenye kipimo cha alama 100 cha hali ya kifundo, wa kamba walikuwa na alama 96 na wa skrubu 86, wote kwa alama ya katikati. Waliwafuatilia mpaka miaka 5, na matokeo hayo yakatoka mwaka 2020: dalili za kusagika kwa kifundo zilionekana kwa asilimia 35 ya wa kamba na asilimia 65 ya wa skrubu. Ukiishia hapo, utasema kesi imekwisha.

Lakini haikuishia hapo. Mwaka huohuo wa 2020 ulichapishwa utafiti mwingine kutoka Norway, wagonjwa 113, safari hii kamba ikilinganishwa na skrubu nyembamba ya milimita 3.5 inayopenya kuta tatu tu, yaani haitokezi upande wa pili. Baada ya miaka 2 matokeo yalifanana. Mimi niliposoma hiyo ya pili nilielewa kwa nini madaktari wawili wazuri wanaweza kutazama picha moja na kusema tofauti. Neno skrubu peke yake halitoshi. Unene wake, kuta ngapi inapenya, ziko ngapi, zinakaa muda gani, hayo yote yanabadilisha habari. Shemeji yako anasema skrubu, daktari wako anasema skrubu, na huenda hawazungumzii kitu kimoja.

Kuhusu shemeji huyo, naomba umuulize jambo moja: skrubu ilipovunjika, kifundo kilifanyaje? Nimewaona wengi waliokuja kwenye mazoezi na picha yenye skrubu iliyokatika katikati, wamejawa na hofu, na mguu unatembea vizuri. Skrubu ikivunjika baada ya ligamenti kuunga, mara nyingi maana yake ni kwamba ule mwendo mdogo umerudi. Tafiti kadhaa zimewatazama wenye skrubu zilizovunjika au kulegea na hazikuwakuta na hali mbaya kuliko wenye skrubu nzima. Kinachotisha ni ikivunjika mapema, mifupa ikaachana tena. Shemeji alipata lipi kati ya hayo mawili? Usilibebe jibu lake bila kujua.

Na hapa niguse hofu yako ya kurudi kwenye kisu, maana naona ndiyo inayokusukuma zaidi. Umeandika kana kwamba skrubu ni lazima itolewe. Zamani wengi waliitoa kwa kila mtu, na bado wapo wanaofanya hivyo. Lakini huko Uholanzi walifanya utafiti wa wagonjwa 197, ukachapishwa mwaka 2021: kundi moja lilitolewa skrubu kwa ratiba, kati ya wiki ya 8 na ya 12, na jingine lilitolewa pale tu ilipoleta usumbufu. Baada ya mwaka mmoja, waliosubiri hawakuwa nyuma ya wenzao katika utendaji wa kifundo, na waliotolewa kwa ratiba walipata matatizo zaidi. Kwa hiyo muulize daktari wako wa kwanza: ni lazima kuzitoa zangu? Kwa nini? Anaweza kuwa na sababu nzuri inayohusu jeraha lako. Anaweza pia kukuambia kwamba tutasubiri tuone. Jibu la pili likija, basi ile tofauti iliyokutisha kati ya njia hizi mbili imepungua sana. Na hata zikitolewa, mara nyingi ni kazi fupi inayoweza kufanywa kwa ganzi ya mahali. Habari ya dawa ya usingizi iliyokusumbua wakati wa kujifungua mwambie daktari wa usingizi mapema, kwa maneno yako yote, usingoje siku ya upasuaji. Upasuaji wa kifundo hufanyika vizuri kwa ganzi ya mgongo.

Umeuliza utarudi kufundisha. Hilo siwezi kukuahidi, wala daktari mwaminifu hatakuahidi. Ninachoweza kukuambia ni kinachobeba uzito mkubwa kuliko aina ya kifaa, nacho ni fibula kurudishwa mahali pake hasa. Nakuomba usipite haraka hapa. Fibula inakaa kwenye kijibonde kilichochongwa ubavuni mwa tibia. Ikirudishwa mbele kidogo, au nyuma kidogo, au ikiwa imejizungusha, au imebanwa kupita kiasi, kifundo kitakuwa kimefungwa kwa uimara mahali pasipo pake. X-ray ya kawaida inaweza isionyeshe kosa hilo. Mwaka 2006 Gardner na wenzake nchini Marekani waliwapiga CT scan, yaani X-ray ya kompyuta inayoonyesha mifupa kwa vipande, wagonjwa 25 baada ya upasuaji wa aina hii, na wakakuta 13, asilimia 52, mifupa haikukaa sawa. Wengi wao X-ray ilikuwa haijalionyesha hilo. Ndiyo maana siku hizi wapasuaji wengi hupiga CT scan ya miguu yote miwili, walinganishe mgonjwa na mguu wake mwenyewe mzima, kwa kuwa umbo la kijibonde hicho hutofautiana mtu na mtu. Wengine hufungua pale mbele waione kwa macho, au huingiza kamera.

Kwako wewe kuna jambo la ziada, ambalo uliliandika kwa mstari mmoja tu: ule mvunjiko wa juu. Fibula iliyovunjika juu inaweza kuwa imepanda, imekuwa fupi kuliko ya mguu wa pili, na imejizungusha. Inabidi ivutwe irudi urefu wake kabla ya kufungwa. Skrubu inaushika urefu huo vizuri kwa sababu ya ugumu wake. Kamba peke yake, kwa tabia yake ya kuruhusu mwendo, ina wasiwasi hapo, ndiyo maana baadhi ya wapasuaji huweka kamba mbili, au kamba na skrubu pamoja kisha skrubu ikatolewa baadaye, au huimarisha ligamenti ya mbele kwa utepe. Yawezekana hii ndiyo sababu daktari wako wa kwanza ametaja skrubu mbili na si moja. Yawezekana pia wa pili ameshalifikiria na ana jibu lake. Mimi sijaziona picha zako, wao wameziona, basi waulize.

Nadhani tatizo ni kwamba umekwenda kwao kuuliza kifaa gani. Ukirudi, uliza vingine. Fibula yangu imefupika? Utaipimaje wakati wa upasuaji? Utajuaje umeirudisha sawa, na tutapiga CT baada ya hapo? Ikionekana haikukaa sawa, utafanyaje? Skrubu ya unene gani, kuta ngapi? Upande wa nyuma wa tibia kuna kipande kilichochomoka na ligamenti? (Kikiwapo, kukifunga hicho chenyewe hurudisha sehemu kubwa ya utulivu.) Na hili usione aibu kuliuliza: njia gani mikono yako imeizoea zaidi? Mpasuaji aliyezoea skrubu akaiweka kwa uangalifu anaweza kukupa kifundo kizuri kuliko anayejaribu kamba kwa sababu mgonjwa ameing'ang'ania. Sikiliza majibu, na sikiliza pia anavyoyajibu.

Ukishayapata, utajikuta na njia zaidi ya mbili. Unaweza kubaki na daktari wa kwanza na skrubu zake, mkakubaliana zisitolewe bila sababu. Hatari yake ni ugumu wa kifundo kwa muda na uwezekano wa kurudi zikikera. Unaweza kwenda kwa wa pili na kamba. Hapo umelipa zaidi, umepunguza uwezekano wa kisu cha pili, na una swali la urefu wa fibula la kumaliza naye kwanza. Unaweza kumuuliza wa kwanza kama naye hutumia kamba, au wa pili kama angekubali kuchanganya. Ninachokuomba usikichague ni kusubiri miezi mkiendelea kubishana. Kusubiri uvimbe ushuke mpaka ngozi ianze kukunjamana ni sahihi, hiyo inalinda kidonda. Lakini wiki zikizidi, nafasi kati ya mifupa hujaa makovu, na kazi ya kuirudisha huwa kubwa zaidi.

Baba watoto ana hoja, usiikatae yote. Skrubu kweli zimewaponya watu wengi sana. Lakini kuhusu adabu, sikubaliani naye. Madaktari wa mifupa wanapelekeana picha kila siku kuulizana. Mwambie daktari wako hivi tu: "Daktari, nimepata maoni ya pili, mwenzako amependekeza kamba, naomba unisaidie kuelewa kwa nini wewe umeona skrubu zinanifaa." Huyo mtu unayemsifu kwa upole sidhani kama atanuna. Na baba watoto aende pamoja nawe siku hiyo, ayasikie majibu kwa masikio yake, kuliko wewe kuyabeba nyumbani yakageuka ugomvi.

Kuhusu kujipendelea: umeweka ada za watoto upande mmoja na kifaa upande wa pili, kana kwamba mguu wako hauhusiki na ada hizo. Unahusika, mwanangu. Sikuambii kwa hiyo uchague cha ghali. Nakuambia hesabu iwe kamili: bei ya kifaa, gharama ya upasuaji wa pili ukipangwa, CT scan, mazoezi tiba, na miezi ambayo hutaweza kukimbia uwanjani kwa njia yoyote ile utakayochagua. Wakati mwingine pengo la bei linapungua ukihesabu hivyo, wakati mwingine halipungui. Fedha ikiwa haitoshi kwa vyote, jiulizeni pamoja kama ni heri kulipia kamba, au kulipia CT na mazoezi ya kutosha baada ya skrubu. Wagonjwa wengi humaliza fedha kwenye kifaa, kisha mazoezi wakayafanya wiki mbili wakaacha, na kifundo kikabaki kigumu.

Panga nyumba mapema pia. Baada ya upasuaji kwa kawaida hukanyagii mguu kwa wiki kadhaa, mara nyingi karibu 6, kutegemea jeraha na daktari, na hata yule wa kamba huwa na wiki zake za magongo. Hutabeba ndoo wala mtoto. Kama unavuta sigara, acha sasa. Kama una kisukari, waambie, kwa sababu ratiba ya kukanyaga hubadilika. Uliza kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukiona misuli ya nyuma ya mguu imevimba na inauma, au pumzi imekuwa fupi ghafla, usisubiri asubuhi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Ukishakaa nao wote wawili, niandikie walichojibu kuhusu urefu wa fibula. Msalimie mama.

Mama Mshauri